Mkono Unaosikiliza Damu

Kati ya pembe ya jicho na sikio, juu kidogo ya mfupa wa shavu, fuvu la binadamu ni jembamba. Wenye fani huliita eneo hilo dirisha. Mwaka 1982 Rune Aaslid, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi Bern, Uswisi, alionyesha pamoja na wenzake kwamba mawimbi ya sauti ya megahezi 2 hupenya hapo, hufika kwenye ateri za ubongo na kurudi na habari za mwendo wa damu. Njia ya zamani, iliyoanzishwa na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927, ilitaka ateri iingizwe dawa inayoonekana kwenye eksirei. Ni mzigo mzito kumtwisha mtoto ambaye siku hiyo haumwi chochote.

Na watoto wa namna hiyo wako wengi kwetu. Selimundu, ugonjwa ulioenea Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, huweza kuzibana ateri kubwa za ubongo polepole, bila maumivu. Mtoto anacheza, anakwenda shule, kumbe mshipa unazidi kuwa mwembamba. Damu ikibanwa hukimbia, kama maji ya mpira uliozibwa nusu mdomo kwa kidole gumba. Mbio hizo ndizo zinazopimwa: chembe zinazokijia kifaa hurudisha sauti iliyopanda, zinazokikimbia hurudisha iliyoshuka. Kanuni yenyewe ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, alipokuwa akiwaza kuhusu nuru ya nyota.

Kanuni ni ya wote. Upimaji ni wa mkono uliofundwa. Mtazame mpimaji kazini. Anapaka jeli kwenye panja, anaegemeza kiganja kisitetereke, kisha anainamisha kifaa kidogo kidogo. Anatafuta kwanza pale ateri inapogawanyika, ambapo skrini huonyesha mawimbi juu na chini ya mstari kwa pamoja, kwa kuwa tawi moja linamjia na jingine linamkimbia. Kutoka hapo anaifuata ateri ya kati hatua ya milimita 2 kwa milimita 2, akisaka kasi kubwa kuliko zote. Akienda mshazari, kifaa kitampa namba ndogo kuliko ukweli, na namba hiyo inaweza kumrudisha nyumbani mtoto aliye hatarini. Kwa hiyo anasikiliza pia. Mvumo wa damu kwenye spika unapokaza na kupanda, anajua amekaribia.

Muda wote huo anamlea mtoto. "Usilale, mama, hebu nitazame," anamwambia binti, maana usingizi hupandisha kasi ya damu. Akilia na kuhema mbiombio, kasi hushuka. Homa nayo huvuruga. Kubembeleza, basi, ni sehemu ya kipimo, na asiyejua kubembeleza atapata namba asiyoweza kuiamini.

Namba hiyo hubeba uamuzi mkubwa. Utafiti ulioongozwa na Robert Adams huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulihusu watoto 130 wenye selimundu ambao kasi ya damu yao ilifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi. Kati ya 67 walioendelea na matibabu ya kawaida, 11 walipata kiharusi. Kati ya 63 waliokuwa wakiongezewa damu mara kwa mara, alipata mmoja tu. Mahali ambapo damu ya kuongezea ni adimu, ipo dawa ya haidroksiyurea. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti wamewatafuta watoto walio hatarini kwa kipimo hikihiki, wakawapa dawa hiyo, na kwa wastani kasi ikapungua.

Ninaiheshimu kazi hii kwa sababu humfikia mtoto angali mzima, na hufanya hivyo bila kumtoboa ngozi. Lakini mashine inaweza kununuliwa kwa siku moja, ilhali mkono hufundwa kwa miezi, mwalimu akiwa amesimama kando, akirudia kupima alichopima mwanafunzi. Hospitali inayoweka mashine kwenye bajeti na kumsahau mpimaji imenunua nusu ya kipimo. Tuwafunde wauguzi na matabibu wetu, tuwalipe ipasavyo na tuwaachie muda wa kutosha kwa kila mtoto, kwa maana haraka ya dakika chache inaweza kumgharimu mtoto kiharusi ambacho kingezuilika.