Meza ya Wakubwa Isiyohitaji Jiko

Sherehe ya mtoto kutimiza miaka miwili mjini Kisumu huwa na wageni wa aina mbili. Kuna rika la mwenye siku yake, ambao keki, krisps na juisi zinawatosha. Halafu kuna waliowaleta: shangazi, majirani, wafanyakazi wenzake mama, babu aliyepanda matatu kutoka Ahero. Hao wa pili ndio wengi, na mara nyingi ndio wanaokumbukwa dakika ya mwisho. Matokeo yake mama mtoto anasimama kando ya karai la mafuta akikaanga samosa, huku keki inakatwa na picha zinapigwa bila yeye.

Njia nyingine ni kuwaandalia wakubwa vitafunio vya baridi. Sababu ya kwanza si kumpumzisha mpishi. Mtoto wa miaka miwili hukimbia kabla hajajua kusimama, na jiko la makaa, sufuria ya mafuta na chupa ya chai ni vitu vya kuondolewa njiani mwake. Ila meza ya baridi ina hesabu yake, na anayeipuuza huondoa hatari ya kuungua na kuleta ya kuharisha.

Hesabu yenyewe inaanza na hewa ya mahali. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na mchana wake mwingi hufika nyuzi 29 au 30. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba bakteria huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60. Kwa hiyo chakula chenye unyevu na protini kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 kipewe saa moja tu. Chini ya hema la turubai lililopigwa na jua la alasiri, hizo nyuzi 32 si mbali. Ongeza mazoea yetu: kadi inasema saa nane, wageni wanaingia saa kumi. Chakula kilichopangwa mezani saa nane kinakuwa kimemaliza muda wake kabla wengi hawajanawa mikono.

Wengi hudhani dawa ni friji kubwa. Friji haiwezi kubeba sahani za watu ishirini pamoja na soda zao, na stima ikipotea mchana huo mpango mzima umekwenda. Jibu bora liko barabarani. Kisumu ina watu wanaouza vitafunio vya baridi kutwa nzima bila friji: muuza mayai, muuza nanasi, muuza njugu na simsim. Ukitaka kujua meza ya baridi hufanywaje, watazame hao kazini kwenye steji ya magari au sokoni Kibuye siku ya Jumapili.

Mtazame muuza mayai. Mayai yake yamechemshwa mpaka kiini kikakauka, na yote yangali ndani ya maganda. Kachumbari iko kwenye chombo chenye kifuniko. Mteja akisimama, yai moja linagongwa, linamenywa na kupasuliwa kwa urefu bila vipande kuachana. Kijiko cha kachumbari kinaingia katikati, chumvi na pilipili juu, na mteja analipokea. Tangu ganda litoke hadi yai liliwe ni dakika moja, pengine mbili. Muuza nanasi mwangalifu hufanya vivyo hivyo: tunda hukaa na ganda lake, kisu huja mteja akija. Ganda ndilo friji yao. Ufundi wote uko katika kuahirisha hatua ya mwisho, ile inayokifungulia chakula hewa, mikono na nzi.

Ukiihamishia kanuni hiyo kwenye sherehe, swali la kupangia vyakula linakuwa hili: kipi kinaweza kumalizwa asubuhi, na kipi kisubiri mgeni aketi?

Vya kumalizwa asubuhi, hata jana yake, ni vyakula vikavu. Bakteria wanahitaji maji, na penye ukavu wa kutosha hawazaani. Hapa ukanda wa ziwa una utajiri. Kuna njugu karanga za kukaanga. Kuna simsim iliyoshikanishwa kwa sukari nguru, kitafunio kinachofaa mji ulio jirani na mashamba ya miwa ya Kibos, Miwani, Chemelil na Muhoroni. Kuna chevda, mchanganyiko wa mchele bapa, njugu, dengu na bizari, uliozoeleka kupitia Wahindi waliokuja kufanya biashara mji ulipoanza kukua baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Njugu zichaguliwe moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, maana ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kukaangwa.

Lakini kitafunio kikavu kitakachozungumziwa na wageni ni omena. Nunua zilizoanikwa juu ya vichanja au nyavu, si zilizotandazwa mchangani. Zichambue, zioshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka chini ya karai kusibaki mchanga, zikaushe tena, kisha zikaange kidogo kidogo katika mafuta mengi yaliyoshika moto. Ziko tayari zinapolia kama makapi ukizitikisa kwenye chujio. Zitandaze zipoe bila kifuniko, kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani unazilegeza na ukavu uliotafutwa unapotea. Limau lisiguse omena jikoni. Likatwe vipande na kuwekwa kando, kila mgeni akamulie zake. Kumbuka pia kwamba kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, hivyo sherehe ya miezi hiyo ijiandae kulipa zaidi kwa kila gorogoro.

Kundi la pili ni matunda, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Nanasi na tikiti maji huwekwa sahani moja kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali tabia zao ni tofauti. Kwenye kipimo cha uchachu cha pH, nanasi huwa kati ya 3 na 4, na bakteria wengi wa kuharibu tumbo hawastawi chini ya 4.6. Tikiti maji na papai hupita 5. Nanasi lililokatwa saa nane litakuwa limepoteza urembo kidogo tu ifikapo saa kumi. Tikiti lililokatwa wakati huo limekuwa malisho ya vijidudu. Basi nanasi, na embe lenye uchachu lililonyunyiziwa chumvi na pilipili, vinaweza kutangulia. Tikiti libaki zima mpaka wageni waketi. Na kabla kisu hakijaingia, ganda lisuguliwe kwa maji safi, kwa kuwa kisu husukuma uchafu wa nje hadi ndani ya nyama ya tunda.

Kundi la tatu ni protini na mboga mbichi. Mayai ndiyo rahisi kuliko yote: trei moja ya mayai 30 inatosha watu wazima ishirini. Yachemshwe asubuhi na kupozwa kwa maji ya kunywa, si ya bomba moja kwa moja, kwa sababu yai moto likipoa hujikunyata na kuvuta maji kupitia vitundu vya ganda. Baada ya hapo yafutwe na kuwekwa kwenye friji yakiwa na maganda yake. Mpe shemeji mwenye maneno mengi kazi ya kumenya mbele ya wageni. Atakuwa burudani pia. Kachumbari ikatwe mapema ikiwa bila chumvi. Chumvi hufyonza maji kutoka kwenye nyanya, na ikiwekwa mapema bakuli hujaa supu. Nyanya na dhania vioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kipindupindu kimekuwa kikiripotiwa Kenya tangu 1971 na mwambao wa ziwa umekutana nacho mara nyingi, na ndimu, pamoja na uchachu wake, haichukui nafasi ya maji safi.

Kuku aliyechanganywa na mayonezi ndani ya mkate mimi ningemwacha. Mayonezi ya dukani yenyewe ni chachu na hujilinda vizuri. Anayeharibika ni kuku, na mkate unalowa. Samaki baridi naye asijaribiwe. Ukimweka mgeni wa Kisumu mbele ya ngege aliyepoa, atadhani umemwekea kiporo.

Sasa barafu. Kwa kuwa chakula kimejitegemea, barafu yote inakwenda kwenye vinywaji, na kiasi chake kinaweza kupigiwa hesabu. Kreti mbili za soda, chupa 48 za mililita 300, ni lita 14.4. Kuzishusha kutoka nyuzi 28 hadi 8 kunahitaji kuondoa joto la kilojuli 1,200 hivi, na kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilojuli 334. Hiyo ni kilo tatu na nusu hivi kwa kinywaji peke yake. Glasi ya chupa nayo ina joto lake, na hewa inazidi kupenya beseni, kwa hiyo beba kilo nane. Mwaga maji kiasi juu ya barafu. Barafu isiyo na maji hugusa chupa hapa na pale tu, ilhali maji huizunguka yote na kuipoza haraka. Barafu inayouzwa kwa ajili ya samaki inafaa kwa beseni hili, lakini isitiwe kwenye glasi ya mtu, na kila chupa ifutwe mdomo kabla ya kufunguliwa.

Mahali pa sherehe huongeza masharti. Wanaopenda kwenda kwenye hifadhi ya swala ya Kisumu, ile Impala Sanctuary iliyo kando ya ziwa, wajue kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika maeneo yanayolindwa nchini: vikombe, sahani, mirija, hata chupa za maji. Soda za glasi na vikombe vya nyumbani vinatatua hilo. Tumbili ni shauri jingine. Yai lenye ganda hulifunika upesi ukiwaona. Sahani ya vipande vya tikiti ni yao tayari. Nyumbani, adui ni wadudu wa ziwani wanaofuata taa giza likiingia, hivyo kawa iwe karibu na sherehe imalizike mapema.

Limebaki la mtoto mwenyewe, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Njugu, bisi na zabibu nzima zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Ushauri wa kawaida ni njugu nzima zisimfikie aliye chini ya miaka mitano, na simsim ngumu ningeiweka kundi hilohilo. Meza ya wakubwa basi iwe ndefu kwenda juu, si vile vistuli vya sebuleni ambavyo urefu wake ni wa kifua cha mtoto wa miaka miwili. Vijiti vya meno visitumike. Na mtu mmoja aambiwe kwa jina kwamba kazi yake ni kuokota kinachodondoka sakafuni, kwa maana kila mtu akiambiwa, hakuna aliyeambiwa.

Mwisho, mwalike mgeni kwa kile utakachompa. Aliyeandikiwa "karibu sherehe" atakuja na njaa ya ugali na samaki, na mayai mawili na kiganja cha omena vitamwacha akinung'unika njia nzima. Kadi iseme kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, vitafunio na vinywaji. Ashibe kwake kwanza. Mwenye nyumba akishafanya hivyo, kazi inayomsubiri wageni wakiketi ni kupasua tikiti, kutia chumvi kwenye kachumbari na kukata malimau. Robo saa inatosha, kisha ana nafasi ya kusimama kando ya mwanawe keki inapokatwa.