Uhakiki wa Kikagua Tahajia cha OpenOffice 2.0.2 kwa Mtumiaji wa Masasi na Newala

Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi, lilitolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Ni rahisi uhakiki wa programu ya namna hii kuishia kwenye istilahi za menyu. Istilahi zina umuhimu wake, lakini katibu wa chama cha msingi cha ushirika huko Newala huizoea menyu baada ya siku chache, iwe ya Kiswahili au ya Kiingereza. Asichoweza kukizoea ni kikagua tahajia kinachomkosoa pasipo kosa.

Toleo la 2.0.2 la mwaka 2006 liliiacha MySpell na kuichukua Hunspell, iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi tamati. MySpell iliondoa kiambishi tamati kimoja. Hunspell huondoa viwili. Kiswahili kilinufaika kwa kiasi, kwa kuwa kauli za vitenzi hujengwa nyuma ya mzizi: *pima*, *pimisha*, *pimishwa*.

Dosari iko mbele ya mzizi. Katika tungo “mikorosho tuliyoipulizia salfa”, ambayo ni ya kawaida kabisa katika muhtasari wa kikao cha wakulima, kitenzi kina viambishi awali vinne: *tu-*, *-li-*, *-yo-* na *-i-*. Kwa kawaida Hunspell huondoa kimoja tu. Ipo amri ya COMPLEXPREFIXES inayoruhusu viwili, lakini amri hiyohiyo hupunguza viambishi tamati hadi kimoja, hivyo faida iliyotajwa hapo juu hupotea. Mwandaaji wa kamusi hubakiwa na njia ya kuorodhesha miunganiko yote kana kwamba kila mmoja ni kiambishi kimoja. Kwa hesabu ya chini, viambishi 15 vya nafsi na ngeli, njeo 4 na viambishi 15 vya yambwa huzaa miunganiko 900, kabla ya kugusa ukanushi na urejeshi. Muunganiko usioorodheshwa hupigiwa mstari mwekundu, japo Kiswahili chake ni sanifu.

Upande wa pili, makosa halisi hupita. Chimakonde na Chiyao, lugha zinazozungumzwa Newala na Masasi, hazina sauti /r/ katika maneno yake ya asili, na athari hiyo huonekana katika maandishi ya Kiswahili. *Kolosho* hunaswa. *Mahali* likiandikwa pale palipokusudiwa *mahari*, au *kula* badala ya *kura*, hakuna kinachonaswa, kwa sababu kila neno hukaguliwa peke yake. Hata “korosho kimepimwa” hupita. Mtumiaji aliyechoshwa na mistari myekundu chini ya vitenzi sahihi ana kila sababu ya kukizima kikagua tahajia, na hapo hata *kolosho* hubaki katika kumbukumbu za ghala.

Si kila dosari inahitaji Hunspell mpya. Faili ya kanuni ina jedwali la REP, ambamo mwandaaji huorodhesha herufi zinazobadilishana kimakosa ili pendekezo sahihi litangulie. Kwa mtumiaji wa Newala, jozi mbili zingetosha kuanzia: *l* kwenda *r*, na *r* kwenda *l*. *Mahali* na *mahari* zingebaki pale zilipo.