Kikanda si nyama ya uwongo

Si zamani sana, katika lupango mmoja hapa Kasaji, bamama waliitwa kujifunza kupika bulete za soya. Mwalimu alikuwa kijana wa heshima, na karatasi aliyogawa ilipigwa mashine vizuri. Juu kabisa ya karatasi kulikuwa kichwa: «Kikanda ya kisasa, bulete bila nyama». Tulikaa nyuma, tukaonja, tukasifu kama inavyotakiwa. Lakini tulipofika nyumbani kile kichwa kilikuwa bado kinatuuma kuliko pilipili iliyokuwa ndani ya bulete. Njo maana ya kurasa hizi.

Tuseme mapema, ili asiwepo wa kukasirika bure: soya hatuipingi. Soya kavu ina protini karibu sehemu 35 hadi 40 katika 100, na mahali ambapo watoto wanakula bukari ya mihogo na sombe kila siku, kilo moja ya soya inaweza kusaidia nyumba vizuri. Tunachopinga ni kuichukua kazi ya mikono ya bamama zetu, kuifuta, halafu kubandika jina lake juu ya kitu kingine. Na tunapinga wazo lililojificha ndani ya jina hilo, kwamba kikanda tangu mwanzo kilikuwa kitu cha kudanganya tumbo lililokosa nyama.

Hilo wazo si la yule kijana peke yake. Sote tumelisikia mezani: «Leo hatuna nyama, tunakula tu kikanda.» Tumelisikia sokoni Kolwezi: «Iyi njo nyama ya bamasikini.» Ng'ambo ya mpaka, Zambia, wanakiita kwa Kiingereza «poloni ya Kiafrika», kwa sababu kikikatwa kinatoa vipande vya mviringo, rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, kama sosisi nene ya dukani. Jina hilo linachekesha na linauzisha, hatukatai. Lakini ukishakubali kwamba kitu ni poloni, utakipima kwa kipimo cha poloni, na hapo kitashindwa kila siku. Hakina mafuta ya nguruwe wala moshi, na damu hakina. Bibi harusi umelinganisha na dada yake, halafu unalalamika kwamba si dada yake.

Basi kikanda ni nini? Ni mizizi minene, mfano wa viazi vidogo, ya maua ya okidi yanayoota ardhini, katika dembo na katika majani ya nyanda za juu. Wataalamu wa mimea wanataja hasa koo tatu: Disa, Satyrium na Habenaria. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliopima chembe za urithi ndani ya mikate ya kikanda ya Zambia, na ikaonekana kwamba mkate mmoja unaweza kuwa na okidi za aina mbalimbali zilizochanganywa. Bamama wachimbaji hawakungoja mashine hiyo: mkono wao unajua mzizi unaovuta na mzizi usiovuta.

Kuvuta, hapo ndipo siri yote ilipo. Mizizi hii ina utelezi unaovimba ukikutana na maji ya moto na kushika vitu vyote pamoja. Si ajabu ya kwetu peke yetu. Kule Uturuki wanasaga mizizi ya okidi za kwao kupata unga unaoitwa salep, wanautia katika maziwa ya moto na katika barafu tamu ya mji wa Maraş, ile inayovutika kama mpira. Hakuna Mturuki anayesema kwamba salep ni nyama ya uwongo.

Katika nyumba zetu inafanyika hivi. Mizizi inaoshwa mpaka udongo uishe, inakaushwa juani, inatwangwa katika kinu, inachekechwa. Kalanga mbichi nazo zinatwangwa peke yake mpaka ziwe unga. Kipimo tulichozoea ni kopo 1 la unga wa mizizi kwa makopo 2 ya kalanga. Maji yanachemshwa na chumvi na pilipili, unga wa kalanga unaingia kwanza na kuchemka vizuri, kisha unga wa mizizi unamwagwa kidogo kidogo huku mwiko haupumziki. Mwisho inaingia soda: zamani maji ya majivu yaliyochujwa, siku hizi bikaboneti ya dukani. Chungu kinaanza kuwa kizito ghafla, na hapo mkono dhaifu unajulikana. Kinasongwa mpaka kiachane na chungu, kinafunikwa, na makala ya moto yanawekwa juu ya kifuniko ili juu napo paive. Mbabula chini, makala juu. Kikishapoa kinakatwa.

Sisi wenyewe tuliwahi kuharibu. Tulitia soda, tukaona unga haushiki haraka, tukatia tena. Kilitoka cheusi, chenye harufu ya sabuni, na mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa mlangoni aliangalia chungu, akatuangalia sisi, akasema: «Mumekipika ao mumekifula?» Tunakumbuka swali hilo kila tunapokula kikanda cha barabarani chenye ladha hiyohiyo ya kufulia. Soda nyingi ni dalili ya unga wa mizizi kidogo. Muuzaji anapunguza mizizi kwa sababu ni ya bei, anaongeza unga wa ngano au wa mahindi, halafu anaita soda ije kuokoa. Kinachotoka kinakatika vizuri kwa kisu lakini mdomoni kinavunjika kama mkate uliolala. Kikanda cha kweli kinarudisha meno kidogo, halafu kinakubali. Utamu wa kalanga unakuja nyuma, na pilipili inakuja ya mwisho. Hicho ni kipimo chake chenyewe, na nyama haimo ndani.

Wengi wanasema hiki ni chakula cha Wabemba, kwamba kilikuja na watu waliotoka Rhodesia ya Kaskazini kufanya kazi katika migodi ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Jina kwa kweli linafanana na chikanda cha Kibemba, na kwamba Wabemba wengi walikuja kazini Katanga ni jambo la historia. Lakini dembo hazikungoja treni. Hatutaki kugombania nani alichimba wa kwanza. Magomvi ya namna hiyo katika nchi yetu tumeyaonja vya kutosha. Tunachokumbuka ni kwamba wengi wa rika letu tulizidi kukijua kikanda katika miaka ya 1990, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na Gécamines kuanguka pamoja nao, wakati mshahara ulikuwa habari ya kusimuliwa na bamama njo walikuwa wanalisha nyumba kwa beseni la kichwani. Labda huko ndiko lilikoshika lile neno la «nyama ya bamasikini». Tulikutana na kikanda siku za njaa, tukakipa sura ya njaa.

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia wasiwasi zaidi ya jina. Okidi hizi zina desturi yake. Chini ya mmea mmoja unakuta mizizi miwili: mmoja umesinyaa, huo umelisha ua la mwaka huu, mwingine ni mgumu na umejaa, huo ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka ule uliojaa. Akiuchukua, mmea umekwisha. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani, haziwezi kuota bila uyoga fulani mdogo sana unaoishi udongoni. Kwa hiyo huwezi kupanda kikanda kama unavyopanda kalanga, na anayefikiri kwamba atafungua shamba la kikanda mwaka huu avune mwaka ujao atapoteza jembe lake.

Ndugu zetu wa Tanzania wameona mbele yetu mwisho wa njia hii. Katika nyanda za juu za kusini, upande wa Makete na Njombe, mizizi ilichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia. Watafiti waliandika mwaka 2003 kwamba mizizi kati ya milioni 2.2 na 4.1 ilikuwa inavuka mpaka kila mwaka. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania iliifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, na maua hayo yalikuwa sababu kubwa. Okidi zote za pori zimo pia katika orodha za mapatano ya CITES, maana yake kuvusha mizizi mpakani bila karatasi ni kosa. Tujiulize ni bamama wangapi wenye beseni wamewahi kuambiwa hivyo, kwa lugha wanayoisikia.

Hapa tunarudi kwa yule kijana na karatasi yake, na tunakiri kwamba ana hoja moja kubwa kuliko alivyojua. Kama tunataka kitu cha kula kila siku mahali pa nyama, kitu cha kujaza beseni na kulisha shule, basi kisiwe kikanda. Dembo haliwezi. Watu wakiambiwa kwamba kikanda ni nyama ya kila siku, watachimba kila siku. Ile dharau ya «tunakula tu kikanda» na lile shimo lililoachwa wazi katika dembo ni baba mmoja na mama mmoja.

Basi bulete za soya zije, lakini zije na jina lake na zipikwe sawasawa. Kwenye karatasi tuliyopewa kulikuwa makosa. Iliandikwa kwamba soya isagwe ikiwa imelowekwa tu, ichanganywe na kitunguu na yai, ikaangwe. Soya haifai kutendewa hivyo. Mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kutumia protini yake yenyewe, na mafuta ya dakika tatu hayafiki katikati ya bulete. Ilowekwe usiku mzima, isuguliwe maganda yatoke, ichemshwe mpaka iwe laini kati ya vidole viwili, ndipo itwangwe. Ule ukali wa majani mabichi ambao watoto wanaukataa unapungua sana. Kwa kushikanisha, yai si lazima, maana yai lenyewe ni la bei: kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa kinashika vizuri, muhogo nao unashika. Kitunguu, pilipili, chumvi, kalanga ya kutwanga kidogo kwa harufu. Zitengenezwe ndogo, za kuingia mdomoni mara mbili, maana kubwa inaungua nje na kulala ndani. Tumezipika namna hiyo nyumbani mara nyingi. Za maharagwe zinakuja pia, ila zinataka kukaushwa kidogo motoni kabla ya kuviringwa, la sivyo zinapasuka katika mafuta.

Je, zina ladha ya nyama? Hapana. Mgeni mmoja tuliyempakulia alitafuna akanyamaza, kisha akauliza kama nyama imebaki jikoni. Tulimjibu ndani ya chungu hamkuwa nyama, zilikuwa bulete za soya, na akaongeza tatu.

Kikanda tunaomba kirudishwe mahali tulipokikuta kwa bibi zetu: siku ya wageni, siku ya mavuno ya kalanga, kipande kimoja kimoja juu ya sahani, si beseni. Na tunaomba jambo moja la kuandika. Shirika letu linakusanya namna za kupika za jadi, na ukurasa wa kikanda umekwisha kutayarishwa. Tumeusoma. Unaanza na maneno «Chukua unga wa kikanda kopo 1». Hapo tayari nusu ya mambo imetupwa. Yule mama mzee aliyetucheka juu ya soda alipokuwa msichana alipelekwa dembo na shangazi yake mvua ikielekea kwisha, maua yamekwisha kumwaga mbegu, na alikatazwa kuchimba kabla. Alifundishwa kuruka mimea midogo, kufukia shimo kwa mguu, na kuambiwa: «Usitoshe yote, ingine ibakie mu udongo.» Tulimuuliza kama leo kuna msichana aliyempeleka. Alisema wajukuu wananunua unga sokoni, umefungwa katika plastiki, na yeye mwenyewe hajui umetoka dembo gani.

Tunaomba ukurasa uanzie pale kwa shangazi, na kopo liingie baadaye.