Tohara na Najisi: Uhakiki wa Lugha ya Huduma ya Uzazi katika Tana River na Garsen

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuyapima maneno ya watunzi wa tenzi, riwaya na tamthilia. Ni mara chache tumeyapima maneno ya mkunga, ya muuguzi, ya mshauri anayekaa na msichana aliyedhulumiwa, au ya mwanaharakati anayesimama barazani kuukataza wembe. Hata hivyo hao nao ni watumiaji wa lugha, tena maneno yao hayasomwi kwa starehe. Husikilizwa na mtu mwenye maumivu. Makala haya yanakusudia kuyatazama maneno hayo kwa kuangalia Kaunti ya Tana River, hasa upande wa delta na mji wa Garsen, ambako utetezi wa haki ya uzazi na uuguzaji wa majeraha ya moyo ni kazi mbili zisizoweza kutenganishwa. Rai yetu ni kwamba msamiati waliokabidhiwa wafanyakazi hawa una kasoro moja kubwa: unaupima mwili wa mwanamke kwa usafi na uchafu, na hivyo unamhukumu yule yule uliokusudiwa kumponya. Tutajaribu kuionyesha kasoro hiyo, kisha tuonyeshe kwamba sehemu kubwa ya dawa yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Mahali na lugha zake

Garsen iko karibu na Mto Tana, penye njia ya kutoka Malindi kwenda Lamu, na njia nyingine hupanda kutoka hapo kuelekea Hola na Garissa. Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto. Waorma na Wawardei ni wafugaji. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, na Kiorma ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kioromo cha Ethiopia. Kwa sababu hiyo Kiswahili hapa si lugha ya kwanza ya watu wengi, bali ni lugha ya kukutania: sokoni, shuleni, kituoni kwa polisi, na zahanatini. Msichana wa Kiorma akifikishwa mbele ya muuguzi wa Kipokomo, Kiswahili ndicho kinachosema kati yao.

Kukutana huko si kwepesi. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakauawa watu wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi wa Septemba ikafuata Kilelengwani, na mwezi wa Desemba ikafuata Kipao. Mapigano hayo yalipotulia, waliokufa walikuwa wamezidi 100, na pande zote mbili zilikuwa zimezika. Kwa hiyo yafaa tukumbuke kwamba katika chumba cha huduma huko Garsen, anayeuliza na anayeulizwa huenda wote wawili ni wafiwa, na huenda kila mmoja anamwona mwenziwe kuwa ni wa ukoo wa waliomuumiza. Neno litakalotamkwa hapo halina budi kuchaguliwa kwa uangalifu.

Dhana mbili na tafsiri zake

Dhana ya kwanza ni haki ya uzazi. Kwa maana inayotumiwa na watetezi wa leo, dhana hii ilipata jina lake Chicago mwaka 1994, katika mkutano wa wanawake 12 Wamarekani weusi, mmoja wao akiwa Loretta Ross. Nguzo zake ni tatu: haki ya kutozaa, haki ya kuzaa, na haki ya kuwalea watoto waliozaliwa mahali penye salama. Ilipoingia katika Kiswahili cha ofisi, mara nyingi imebanwa ikawa sawa na 'uzazi wa mpango', yaani vidonge na sindano. Nguzo ya tatu imeanguka njiani.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kuipoteza. Katika lugha hii 'mzazi' ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na 'mzazi' huyo huyo ni baba au mama wa mtoto hata mtoto huyo akiwa mtu mzima. Wahenga nao walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii inabeba fikira ambayo wanawake wa Chicago waliieleza kwa njia yao. Kwa kipimo hicho, Riketa si habari ya usalama peke yake. Ni habari ya uzazi. Mama aliyeuawa pamoja na wanawe alinyang'anywa nguzo ya tatu. Hali kadhalika mama aliyezingirwa na mafuriko ya mwaka 2023, barabara zikakatika naye ana uchungu, alikuwa akidai haki ile ile. Mtetezi anayefika Garsen na maneno 'uzazi wa mpango' tu ameikata dhana yake mwenyewe kabla hajafungua kinywa.

Dhana ya pili ni ile huduma ambayo humpokea mtu kwa kutambua kwamba huenda aliumizwa, ikajihadhari isimwumize tena. Daktari Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza kwamba uponyaji huanza kwa usalama, ndipo yafuate kukumbuka na kuomboleza, na hatimaye kurejea katika maisha ya watu. Waswahili wa leo wamelichagua neno 'kiwewe' kuwa jina la jeraha hilo. Tunaliona neno hilo kuwa na upungufu. Kiwewe cha asili ni hofu ya ghafla, ile inayompanda mtu akababaika kisha ikamshuka. Wanachokiuguza wafanyakazi hawa ni kitu kinachobaki. Hapa tena wahenga walitangulia: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyoka amekwisha kwenda zake, sumu imekwisha kutibiwa, lakini mwili bado unakumbuka. Maneno 'jeraha la moyo' au 'donda la ndani' yanaieleza hali hiyo vizuri zaidi, kwani kila mtu anajua kwamba donda huuguzwa, huweza kutoneshwa, na likipona huacha kovu.

Safi na mchafu

Sasa tuingie katika kiini cha uhakiki wetu. Maneno mawili yanatawala mazungumzo ya mwili wa msichana katika kaunti hii: 'tohara' na 'najisi'. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, na katika fikihi ni maneno yanayopingana. Tohara ni usafi. Najisi ni uchafu unaobatilisha usafi huo. Tendo la kumkata msichana likiitwa 'tohara ya wanawake', jina lenyewe linashuhudia kwamba asiyekatwa ni mchafu. Kwa upande mwingine, mtoto akiingiliwa kwa nguvu, magazeti na redio husema kwamba 'amenajisiwa'. Kwa hiyo msichana huyo mmoja akikatwa hutajwa kuwa ametakaswa, na akidhulumiwa hutajwa kuwa ametiwa uchafu. Katika hali zote mbili mkono uliotenda umesahaulika, na mwili wa mtoto ndio unaopewa cheo au aibu.

Mtu atasema kwamba haya ni mambo ya kamusi tu. Sivyo. Katika jamii ya Waislamu kama Waorma na Wawardei, najisi si tamathali ya usemi. Ni istilahi ya ibada ambayo mzazi aliisoma chuoni. Anapoambiwa na afisa kwamba bintiye amenajisiwa, anasikia hukumu ambayo dini yake haikuitoa, maana najisi huoshwa kwa maji ikaondoka, na aliyelazimishwa hana dhambi. Familia inayosikia aibu huificha aibu. Na kuficha huku kuna saa zake: dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa yapasa zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Fomu ya P3 nayo inahitaji ushahidi ambao siku zikipita hufutika. Neno lililomfunga baba mdomo kwa siku nne limekwisha kuleta madhara kabla ya sheria kufika.

Kuhusu kukatwa, watetezi walilikataa neno 'tohara' wakalishika neno 'ukeketaji', na hivyo ndivyo wengi wanavyoliita kosa lililokatazwa na sheria ya mwaka 2011. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu. Neno lenyewe linakwaruza sikio, na barazani ndivyo lipaswavyo kufanya. Katika Kenya nzima, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokatwa walikuwa asilimia 38 katika uchunguzi wa mwaka 1998, wakawa asilimia 15 katika ule wa mwaka 2022. Na ingawa hesabu ya taifa huwaficha walio katika maeneo ambako desturi bado ina nguvu, hatuwezi kukana kwamba jina kali limesaidia kuivua desturi hiyo vazi la usafi.

Lakini neno lifaalo barazani halifai kila mahali. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyefumbwa utotoni, ambaye sasa amekuja kujifungua na hapana budi afunguliwe ili mtoto apite. Muuguzi akimwuliza mbele ya watu, "Umekeketwa?", amemtaja mwanamke huyo kama kitu kilichoharibiwa kwa kisu butu, wakati ambapo anahitaji kuamini kwamba mwili wake unaweza kuzaa. Akimwambia faraghani, "Mama, ulikatwa ulipokuwa mdogo? Nionyeshe panapouma, nami sitagusa kabla sijakuambia," ameuliza jambo lile lile, na amepata jibu la kweli zaidi. Hapa ndipo uuguzaji wenye kujua majeraha unapogeuka kuwa suala la mtindo: kila mahali pana rejista yake, na mfanyakazi hodari ni yule anayejua kuvuka kutoka moja kwenda nyingine.

Viambishi vinavyohukumu

Sarufi nayo ina sehemu yake. 'Mimba imeharibika' na 'ameharibu mimba' zina mzizi mmoja. Kiambishi '-ik-' kinamwacha mwanamke akiwa mgonjwa; kikiondolewa, anakuwa mshtakiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa 'mimba imetoka' na 'ametoa mimba'. Mwanamke anayefika akitokwa na damu anaijua tofauti hiyo, na huenda akachelewa nyumbani kwa kuogopa ni kitenzi gani kitakachoandikwa katika kadi yake. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 26, inakataza kutoa mimba isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Na ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Kumtibu anayevuja damu ni wajibu, iwe kitenzi ni kipi. Swali la kwanza la muuguzi na liwe "Damu ilianza lini?" wala si "Umefanya nini?"

Mazoea haya ya kuhukumu hayakuanzia hospitalini. Sisi wasomi wa fasihi tuna hatia yetu. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, mara nyingi imefundishwa kama habari ya msichana aliyepotoka, akatoa mimba, akaishia kujiua. Wachache wameanzia pale mwandishi mwenyewe alipoanzia, yaani nyumbani, ambako Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Mshauri wa leo akiisoma riwaya hiyo angeuliza ni nini kilichompata Rosa kabla ya kuuliza Rosa alifanya nini. Darasa lililozoeshwa swali la pili ndilo linalotoa wauguzi, makarani wa polisi na mahakimu.

Pingamizi

Hapana shaka tutapingwa. Wanasheria watasema kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatenga kosa la kubaka na kosa dhidi ya mtoto aliye chini ya miaka 18, na kwamba 'kunajisi' limekwisha kuzoewa kwa kosa hili la pili. Tunakubali kwamba mahakama inahitaji istilahi isiyoyumba. Lakini 'kumdhulumu mtoto kingono' inatenga vilevile, na zaidi ya hayo inamweka mtendaji mahali pake na kuitaja dhuluma kuwa yake. Wengine watapendelea tafsida za zamani, kama 'kuharibiwa' na 'kuvunjiwa heshima'. Hizo tunazikataa pia, kwa sababu hakimu hawezi kuhukumu jambo ambalo halikutajwa, na kwa sababu zinairudisha ile fikira ya kitu kilichovunjika. Haja yetu ni maneno yaliyo wazi yasiyotia doa.

Kuhusu jina la mtu mwenyewe, 'mhanga' ni kafara. 'Mwathiriwa' ni mtu wa ripoti. 'Manusura' lina heshima zaidi, kwa kuwa ndani yake mna nusura. Hata hivyo bora kuliko yote ni kumwachia ajitaje. Sadia Hussein, mwanaharakati wa Tana River ambaye naye alikatwa, amesimama hadharani akaieleza habari yake mwenyewe. Anayesimulia kwa nafsi ya kwanza huitoka ile kauli ya kutendwa ambamo wengine walimfungia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wafanyakazi wa Garsen wanabeba mizigo miwili: ule wa watu wanaowahudumia, na ule wa maneno waliyoyarithi. Mzigo wa kwanza hatuwezi kuwapunguzia kwa makala. Wa pili ni wetu sisi tunaotunga kamusi, tunaotafsiri sheria na tunaofundisha walimu. Istilahi za uzazi zisiamuliwe mezani peke yake. Zipelekwe kwa mkunga wa kando ya mto na kwa mama wa Kiorma, ziulizwe huko kama zinaumiza. Mapendekezo yetu yatakosolewa na wenye kujua zaidi, na hilo tunalitaraji. Lakini hatutaraji kwamba yeyote atakayelitafakari jambo hili ataweza tena kusema kwamba mtoto amenajisiwa, bila ulimi wake kusita.