Chui na Madoa Yake

Siku hizi twaona madoa ya chui katika vitambaa, mikoba na mapazia. Lakini tazameni vema: mara nyingi ni vitone vyeusi vitupu, navyo ni vya duma. Doa la chui ni kama ua. Ni duara iliyokatika, na rangi ya ndani imekoza. Fundi hakumtazama mnyama, alitazama kitambaa cha mwenziwe. Ndiyo sababu mtoto akiambiwa shuleni achore chui, huchora kitambaa.

Je, kosa ni vitone tu? Sivyo. Wachongaji wa mji wa Benin, katika Nigeria, walichonga chui wawili wa pembe za ndovu, kila mmoja kwa pembe tano, wakawatia madoa ya shaba, nayo ni duara tupu. Lakini wao walijua walisemalo. Mfalme wao, Oba, aliitwa chui wa nyumbani. Yule wa mwituni alikuwa mfano wa mamlaka yake juu ya uhai wa watu. Mwaka 1897 Waingereza waliuteka mji huo, na chui hao wakapelekwa kwa Malkia Victoria.

Sisi twaonyana habari za chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Je, kondoo aliyevaa ngozi ya chui? Huyo hamdhuru mtu, ila ajidanganya mwenyewe. Pambo lisilo na maana ni kama neno kinywani mwa asiyelijua: lasikika, wala halisemi kitu.