Kusi, Kona na Kikosi: Debi ya Shule za Upili Inavyochezwa Changamwe

Debi ya shule za upili katika bara la magharibi la Mombasa huchezwa muhula wa pili, msimu ambao kandanda huwa kwenye ratiba ya michezo ya shule kote Kenya. Kaunti ndogo ya Changamwe ina wadi tano: Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Eneo ni dogo, na wachezaji wa timu mbili zinazokutana aghalabu wametoka mtaa mmoja, wamesoma shule moja ya msingi, na siku za mapumziko huchezea timu moja ya mtaani. Beki anajua winga anapenda kukata kwa mguu upi, na kipa anajua nani huogopa kupiga penalti. Upinzani wa hapa umejengwa juu ya kujuana, na ndiyo maana mechi yenyewe hubana sana: hila ya kushtukiza ni adimu, na mabao mengi huja kwa vitu vinavyoweza kupangwa na kufanyiwa mazoezi.

Mfumo wa mashindano huzidisha hali hiyo. Bingwa wa kaunti ndogo hupanda hadi ngazi ya kaunti, ambako hukutana na wawakilishi wa Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Bingwa wa Mombasa huingia mashindano ya Pwani pamoja na Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, kisha huja fainali za kitaifa, na wachache wanaopenya hapo hucheza michezo ya shule za Afrika Mashariki. Ngazi za chini huchezwa kwa siku chache mfululizo, na hatua za mtoano hazina marudiano. Timu ikiteleza alasiri moja, msimu umekwisha. Kocha mwenye akili zake hawezi kucheza mechi ya namna hiyo kwa kujiachia, na mashabiki wanaolalamika kwamba debi haina burudani hukilaumu kikosi kwa jambo lililoamuliwa na ratiba.

Upepo na shilingi

Hoja ya kwanza ya mashabiki, hasa wazee waliocheza viwanja hivi zamani, ni kwamba mechi huanza kushindwa pale refa anaporusha shilingi. Hoja hii ina uzito zaidi kuliko inavyosikika. Kusi, upepo wa msimu, huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia karibu na Aprili hadi Septemba, kwa hiyo msimu wote wa kandanda ya shule humo ndani yake. Kipevu iko kwenye ncha ya bara, kati ya maji ya Kilindini na hori la Port Reitz. Upepo hufika pale ukitoka majini moja kwa moja, na alasiri huwa na nguvu zaidi kuliko asubuhi.

Tangu 2019, sheria za kandanda zinampa nahodha aliyeshinda shilingi hiari mbili: achague lango atakaloshambulia kipindi cha kwanza, au aanze na mpira. Kabla ya hapo mshindi alichagua lango tu, na mpira ukaanzwa na wapinzani. Katika msimu wa kusi, kuchagua kuanza na mpira ni kutupa bahati, kwa sababu faida yake hudumu sekunde chache ilhali upepo hudumu kipindi kizima.

Linalobishaniwa ni wakati wa kuutumia. Wapo wanaotaka upepo kipindi cha pili, mabeki wa upande wa pili wakiwa wamechoka. Lakini mechi inayoanza saa kumi alasiri hufika kipindi cha pili karibu na saa kumi na moja, na upepo wa baharini kwa kawaida huanza kulegea jua linapoteremka. Anayeuweka akiba anaweza kuukosa. Anayeuchukua mapema huutumia ukiwa na nguvu, na akipata bao, wapinzani hulazimika kufunguka wakati yeye ana nafasi ya kujipanga nyuma.

Timu inayocheza dhidi ya upepo ina kazi ngumu zaidi. Mpira wa juu hurudi nusu njia, na goli kiki ya kipa huangukia miguuni mwa viungo wa wapinzani. Dawa inayofahamika ni kuanza chini. Mabadiliko mengine ya 2019 yaliruhusu goli kiki ipokelewe ndani ya kisanduku, kwa hiyo beki anaweza kusimama hatua chache kutoka kwa kipa wake. Kikwazo ni kiwanja. Mbele ya magoli na katikati nyasi zimeliwa na miguu, udongo umekuwa mgumu, na mpira hudunda utakavyo. Pasi fupi mbele ya lango lako juu ya kipara cha udongo ni hatari kuliko upepo wenyewe. Timu zilizokomaa huchagua njia ya tatu: kipa humpasia beki wa pembeni, ambako nyasi zimebaki, na beki hupiga mpira mrefu ulio chini, kimo cha kifua, ukifuata mstari wa kando. Upepo haupati muda wa kuubeba, na ukitoka nje, angalau umetoka mbali na lango.

Kona ya mashariki

Mahali ambapo kusi huonekana wazi ni kwenye kona. Chukua kiwanja kilichochorwa kaskazini hadi kusini, mwelekeo unaowaepusha makipa na jua la jioni. Timu inayoshambulia lango la kaskazini ina upepo mgongoni, lakini upepo huo umekaa mshazari: unasukuma mpira kuelekea kaskazini-magharibi. Kona ikipigwa kutoka pembe ya mashariki kwa mguu wa kushoto, mpira hujipinda kuelekea lango, upepo nao huusukuma kulekule, na mara nyingi hupita mstari wa goli kabla ya kumfikia mtu. Kona hiyohiyo ikipigwa kwa mguu wa kulia, mpira hujipinda kutoka langoni huku upepo ukiurudisha. Nguvu hizo mbili hukatana, na mpira hunyooka na kuelea mbele ya mlingoti wa pili. Hapo kipa huwa njia panda, atoke au abaki.

Kipindi cha pili timu hiyo hushambulia kusini, na pembe ya mashariki sasa iko kushoto kwake. Upepo unausukuma mpira mbali na lango. Mguu wa kulia, kutoka pembe hiyo, huupinda mpira kuelekea lango, na kwa mara nyingine mpindo hupambana na upepo badala ya kuongozana nao. Mpigaji mmoja wa mguu wa kulia anatosha kwa kona zote za mashariki, vipindi vyote viwili. Kona za magharibi ni habari nyingine: mpira hupigwa ukikabili upepo, hupoteza kasi, na kuangukia mlingoti wa karibu. Pale kona fupi, ya pasi mbili kisha krosi ya chini, hufaa zaidi. Shabiki anayezomea kona fupi kwa kuiona kama woga huenda anamzomea mchezaji aliyepiga hesabu sawasawa.

Silaha ya mikono

Mpira wa kurusha ni silaha nyingine ambayo debi za shule huitegemea. Kandanda ya Uingereza iliukumbusha ulimwengu nguvu yake 2008, Stoke City walipopanda Ligi Kuu na Rory Delap akawa anarusha mipira mirefu hadi ndani ya kisanduku. Kwenye viwanja vya shule mbinu hiyo ni rahisi zaidi, kwa sababu ya upana. Sheria zinaruhusu kiwanja chenye upana wa mita 45 hadi 90. Kwenye uwanja mkubwa wa mita 68, kutoka mstari wa kando hadi usawa wa katikati ya goli ni mita 34. Kwenye kiwanja cha shule cha mita 50, ni mita 25 tu, na mlingoti wa karibu uko umbali wa takriban mita 21. Kijana mwenye mabega anafika pale bila shida.

Kisheria, mchezaji anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwa mrushaji hawezi kuotea. Straika anaweza kusimama mbele ya kipa kabisa, na beki hana mtego wa kumnasa. Mpangilio wa kawaida ni huu: mrefu mmoja mlingoti wa karibu wa kuudokoa mpira kwa kichwa, wawili nyuma yake, na kiungo mmoja kwenye ukingo wa kisanduku akisubiri mpira uliorudi. Huyo wa mwisho ndiye anayesahauliwa. Kwenye ardhi ngumu mpira wa kwanza huondolewa, na bao hutoka kwa mpira wa pili. Timu inayowapeleka wote langoni bila kumwacha mtu ukingoni huambulia kelele tu.

Refa na kelele

Shutuma kwamba refa amependelea ni ya lazima baada ya kila debi. Viwanja vingi vya bara havina jukwaa. Mashabiki husimama kwenye mstari, hatua moja kutoka kwa mshika kibendera. Ipo sababu ya kuamini kwamba jambo hilo lina athari, japo si ile inayodaiwa. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza 2002, marefa 40 walionyeshwa video ya mikwaruzano 47 kutoka mechi moja ya Ligi Kuu. Waliosikia kelele za uwanjani waliwahukumu wenyeji kwa madhambi machache zaidi, kwa asilimia 15.5, kuliko waliotazama kimyakimya. Hakuna aliyehongwa, kelele ziliwatia shaka tu. Kwa hiyo katika debi, shule inayoleta watu wengi zaidi inaweza kupata maamuzi madogo ya katikati ya kiwanja, na timu inayojua hilo huwakataza mabeki wake kuingia kwa miguu karibu na umati.

Mchezo ukiisha sare na kwenda kwa matuta, refa hurusha shilingi mara mbili: ya kwanza huamua lango litakalotumika, ya pili humpa mshindi uamuzi wa kutangulia au kufuata. Hapo kujuana kwa mtaani hurudi kwa nguvu zote, kwani kipa anakabiliwa na watu ambao amewadakia penalti tangu utotoni. Makocha wengine humbakisha mpigaji asiyezoeleka, kwa kawaida mchezaji aliyehamia shuleni karibuni, kwa ajili ya dakika hizo.

Kikosi kinavyopatikana

Mchezaji huyo mgeni ndiye kiini cha malalamiko makubwa kuliko yote: mamluki. Neno hilo hutumiwa kwa mchezaji asiye mwanafunzi halali, aliyepita umri, au aliyeletwa kwa ajili ya mpira tu. Mashabiki huchanganya mambo mawili. Kumchezesha asiye mwanafunzi ni udanganyifu, na dawa yake ni ukaguzi wa stakabadhi kabla ya mashindano. Kumsajili mwanafunzi halali mwenye kipaji kutoka kaunti nyingine ni jambo tofauti, nalo hupendelea shule za bweni. Kakamega School, wanaoitwa Green Commandos, na Musingu, wanaoitwa Scorpions, wameijenga debi yao ya magharibi mwa Kenya kwa wanafunzi wanaokaa shuleni na kufanya mazoezi alfajiri na jioni. Katika Mombasa, Shimo la Tewa iliyoko Shanzu ina nafasi kama hiyo. Shule ya kutwa ya Changamwe humtegemea kijana anayerudi nyumbani jioni, na muda wake wa mazoezi huisha kengele ya mwisho inapolia.

Kwa mashabiki wa Pwani suala la vipaji lina uchungu wake. Tangu Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa Kenya 1965, hakuna klabu ya Pwani iliyorudia. Bandari, timu ya mamlaka ya bandari ambayo mashabiki wengi wa Kipevu huiona kuwa yao, ilishinda kombe la taifa 2015 na 2019 lakini ligi iliishia nafasi ya pili. Debi ya shule hutazamwa kama kitalu cha kuziba pengo hilo, na kijana anayeng'ara hujadiliwa kama mali ya mtaa mzima.

Kitalu chenyewe kimebadilika umbo. Kidato cha kwanza cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kiliingia Januari 2024. Mwaka wa 2025 shule za upili hazikupokea darasa jipya, na makocha walilazimika kusuka timu kwa wachezaji waliokuwapo na wachache waliohama. Januari 2026 Gredi ya 10 ikaanza, ikiwa na mikondo mitatu, mmojawapo ukiwa wa sanaa na michezo. Muda wa mchezaji shuleni umepungua kutoka miaka minne hadi mitatu, lakini anaingia akiwa amesoma mwaka mmoja zaidi kabla ya kufika, kwa hiyo ana kimo na nguvu zaidi kuliko mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa zamani. Kocha hana tena mwaka mzima wa kumlea kijana benchi. Atakayefaidika ni yule anayefuatilia wachezaji wakiwa bado sekondari msingi, na katika eneo dogo kama Changamwe, ambako kila mtu anamjua kijana wa kila mtu, shule ya kutwa ina nafasi ya kumtangulia mwenye bweni.