Kuzunguka si Kuzungushwa

Mu Bukavu na vijiji vya pembeni, kuna neno tunalotumia kila siku bila kulipima: kuzunguka. Wengi wetu tunalirefusha, tunasema kuzunguluka. Anayetembea kartye kwa kartye anazunguka. Njia ya Ngomo inayoshuka toka milima ya Nyangezi mpaka Kamanyola, kona juu ya kona, nayo inazunguka. Na mtu asiyetaka kusema wazi tunamwambia: «Unazunguluka nini? Sema tu!»

Hapo ndipo tunaanza kuwa na shaka. Siku hizi vijana, hata na watu waliosoma, wanatia maana zote hizo katika kikapu kimoja, na neno limekuwa kama tusi. Anayezunguka ni mwongo. Tunaona hukumu hiyo si ya haki.

Tuangalie posa. Wajumbe wa kijana hawaingii na kuuliza mara moja: «Mali ni ngombe ngapi?» Msemaji wao huanza na salamu, na mvua, na mashamba, kisha hutaja ua lililoonekana katika lupango. Kila mtu ameelewa. Lakini maneno hayo yanawapa wenye nyumba nafasi ya kukataa bila kumwaibisha mgeni. Vilevile mzee anayepatanisha ndugu wawili hamtaji mwenye kosa kwanza. Anatoa mithali mpaka mwenyewe ajitambue. Kama njia ya Ngomo ingenyooka, gari lingeanguka bondeni. Kona zake zina kazi.

Sasa tusikie neno la pili: kuzungusha, ama kuzungulusha kama tunavyosema nyumbani. Sauti imebadilika kidogo tu, lakini jambo zima limegeuka. Anayezunguka anatembea kwa miguu yake. Anayezungushwa anatembezwa kwa mapenzi ya mwingine. Tulimsindikiza mama mjane mu biro moja kutafuta karatasi ya kiwanja cha marehemu bwana yake. Mara 4 aliambiwa: «Mama, urudie kesho.» Mara ya 5 karani alicheka, akatuambia: «Si ndiyo desturi yetu? Mambo ya wakubwa haiendake mbio.»

Hapana. Yule karani alichukua neno la wazee kufunika kosa lake. Kipimo ni hiki: katika mzunguko wa desturi, wote wanajua mnapokwenda, na mnatembea pamoja, mzee naye anakaa pale mpaka shauri liishe. Katika mzunguko wa biro, mmoja anachoka na mwingine amekaa kitini, akingoja aliyechoka atoe franga.

Tusijidanganye lakini. Kuna wazee pia wanaorefusha posa mwezi kwa mwezi ili mali iongezeke. Hao nao wanazungusha, hata wakisema kwa mithali nzuri namna gani. Kofia ya uzee haibadilishi kitendo.

Basi wazazi na walimu, tuwafundishe watoto kutenganisha maneno haya mawili. Mtoto akilalamika kwamba babu anazunguka, tumuulize: anakupeleka wapi? Akingoja kidogo, ataona. Lakini tukikuta mama anatembezwa toka mlango huu mpaka ule, tusinyamaze tukisema ni desturi. Tuseme wazi, bila kuzunguka: anazungushwa, na haki yake inazuiwa.